Ninyoe, Mama Mkubwa

Tulimwacha Vidole katia mkono mkobani, saluni nzima imebana pumzi, na Mama Pacha kajificha nyuma ya gazeti kana kwamba gazeti linazuia kisu. Haya, shusheni roho. Hakikuwa kisu.

Lilikuwa taulo.

"Nimekuja na taulo langu," Vidole alisema, akilitandaza mabegani. "Ya humu siyaamini."

Wateja wakapumua. Mmoja akacheka, kisha akamtazama Madamu na kicheko kikamkauka.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitasema haraka maana watu wana kazi. Madamu ndiye mwenye saluni. Vidole ni mtoto wa marehemu mdogo wake; Madamu kamlea tangu hajui kufunga kamba za viatu, akamfundisha kusuka mpaka watu wakambatiza jina hilo kwa wepesi wa mikono. Mwezi uliopita kichwa cha mteja mmoja, Dada wa Benki, kiliungua kwa dawa ya nywele aliyopakwa na Vidole. Madamu akamfukuza palepale mbele ya watu, povu likiwa bado mikononi mwake.

Tangu siku hiyo ni vita. Vidole kapanga chumba cha kulala na kusukia ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, anawaita wateja wa Madamu kwa majina na kuwaambia wakiingia kule watatoka na vipara. Na leo, Jumamosi, saluni imejaa hadi ngazini, kaingia na kukaa kiti cha kwanza.

"Umefuata nini humu?" Madamu alimuuliza. Alikuwa kwenye sinki, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Mimi mteja. Ukutani umeandika mwenyewe, mteja ni mfalme. Basi mfalme kaja."

"Sema unachotaka, uondoke."

"Kunyolewa. Zote. Na uninyoe wewe, Mama Mkubwa, si mtu mwingine."

Hapo hata redio ingejizima kama ingekuwa na akili. Nywele za Vidole si nywele za kuzungumzia hovyo. Ndizo zilizo kwenye ubao wa nje, zimepigwa picha kwa nyuma, nyeusi, nzito, zimeshuka na kupita mabega. Wanawake huingia wakinyooshea ubao kidole, wakisema wanataka kama zile. Madamu kafukuza mwenye nywele, lakini picha kaiacha. Mimi ningeitoa, ila saluni si yangu.

Madamu akamsogelea na kushusha sauti. "Umekuja kunidhalilisha. Haikutoshi kunichukulia nusu ya wateja?"

"Nusu?" Vidole akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mbona wamezidi nusu!"

"Mama, mwambie atoke," alisema Pipi.

Pipi ni binti wa Madamu, wa kumzaa, wa pekee. Alipofukuzwa Vidole, yeye ndiye aliyerithi kiti chake. Alikuwa ameshika kitana, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko jambo lenyewe lilivyodai.

"Mtoto akililia wembe, mpe," Mama Pacha, mteja wa miaka mingi, alisema kutoka nyuma ya gazeti.

"Mama Pacha, hujaulizwa."

"Nimesema tu. Methali si yangu."

Madamu alisimama akimtazama yule msichana kwenye kioo. Niseme wazi jambo moja, maana mwezi mzima nimeletewa barua za kumtukana huyu mama: Madamu alimpenda mtoto huyu. Alimwahidi mdogo wake kitandani, siku ya mwisho, kwamba hatamwacha. Tangu amfukuze, chakula hakimpiti kooni. Lakini kiburi nacho ni maradhi, na yeye anayo ya kurithi.

Halafu kuna jambo lingine. Kule barabarani Vidole humwita "yule mwanamke". Leo kamwita Mama Mkubwa, mara ya kwanza tangu yale yatokee. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, Madamu akajisemea. Labda mtoto karudi, ila kwa njia yake ya kupinda. Labda akimnyoa kwa upole, wataongea.

Akaifuta mikono. Akachukua mashine.

"Una hakika?"

"Anzia mbele," Vidole alisema. "Nyuma utamalizia."

Fungu la kwanza likaanguka mapajani. Mteja mmoja akashika kifua kama aliyeona ajali. Madamu alikuwa kazisuka nywele zile kila Jumapili kwa miaka mingi, mtoto kakaa chini, kichwa kakilaza kwenye goti lake, akilalamika anavutwa. Sasa zilikuwa zinadondoka sakafuni na yeye ndiye anayezikata. Machozi yakaanza kumlengalenga.

"Unalia nini?" Vidole akamuuliza kwenye kioo. "Siku ile hukulia."

"Siku ile uliunguza kichwa cha mtu!"

"Bwana Afya kaja kwangu mara mbili."

Madamu akaiondoa mashine kichwani.

"Anachunguza," Vidole akaendelea, utulivu wake ukitisha. "Dada wa Benki kashitaki. Bwana Afya anataka kujua kilichomuunguza ni mkono wangu au dawa yako. Ikiwa ni mkono, nazuiwa mimi, sishiki tena kichwa cha mtu maisha yangu yote. Ikiwa ni dawa, anafunga hapa."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumbuki."

"Hukumbuki ulichomjibu?"

"Ndiyo nilivyomjibu. Sikumbuki."

Madamu hakuelewa. Mtu anayesimama barabarani kuwatisha wateja, kapewa upanga mkononi, kisha anaulaza chini? "Kwa nini hukumwambia ni dawa, kama unanichukia hivyo?"

"Bado hujafika nyuma, Mama Mkubwa. Nyoa."

Madamu akanyoa. Utosi ukabaki mweupe. Upande wa kulia, upande wa kushoto. Pipi alikuwa ameacha kumchana mteja wake na hakujua kwamba ameacha. Madamu akalishika fungu kubwa la mwisho, lile la kisogoni, akalinyanyua, akapitisha mashine chini yake.

Kisha akaizima.

Kisogoni kulikuwa na kovu. Pana sawa na kiganja, lina wekundu, linang'aa, halina hata unywele. Pembeni ngozi ilikuwa bado inabanduka.

Madamu alilijua kovu hilo. Aliliona mwezi uliopita, kwenye kichwa cha Dada wa Benki, na lilikuwa ndugu wa hili, baba mmoja mama mmoja.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe!"

"Uliponifukuza, kopo la dawa lilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Nikaondoka nalo bila kujua. Lile lile nililompakia yule dada." Vidole aliongea na kioo, hakumgeukia mtu. "Lilikuwa na mfuniko gani, Mama Mkubwa? Wewe ndiye uliyenifundisha. Nywele nyepesi nichukue mfuniko upi?"

"Mweupe," Madamu alisema taratibu.

Na hapa lazima niwaeleze wasiojua saluni ile. Madamu hununua dawa kwa ndoo, kali na laini, kisha inajazwa kwenye makopo madogo. Mfuniko mwekundu ni dawa kali, ya nywele ngumu. Mfuniko mweupe ni dawa laini, hata mtoto anapakwa. Makopo yenyewe yanafanana na dawa zenyewe zinafanana, kwa rangi na kwa harufu. Mfuniko ndio unaosema.

"Ulikuwa mweupe," Vidole alisema. "Lakini ulivyonipigia kelele, nikaanza kujitilia shaka. Nikasema labda ni kweli. Labda nilizembea, nilipitiwa na muda, nikamuumiza mtu wa watu. Basi nikakaa kwenye godoro nikajipaka mwenyewe sehemu ya ile iliyobaki. Sikuiacha hata nusu ya muda. Ilikuwa dawa kali, Mama Mkubwa. Dawa kali chini ya mfuniko mweupe."

Mama Pacha alikuwa ameliweka gazeti chini. "Toba," alisema, na safari hii hakuna aliyemkemea.

"Kwa nini hukuja kuniambia?" Sauti ya Madamu ilikuwa imekatika. "Mwanangu, kwa nini hukuja?"

"Ulisema nikikanyaga tena hapa utaniitia askari. Nikatuma. Nilimpa mtu lile kopo mkononi, na dawa kidogo bado ndani. Nikamwambia, mpe Mama Mkubwa, mwambie ajipake hata kidogo kwenye mkono aone. Mwambie na mimi nimeungua."

"Sikupata kopo! Haki ya Mungu sikupata!"

"Mimi nilijuaje kwamba hukupata? Nilikaa dirishani nikikungoja." Kwa mara ya kwanza sauti ya Vidole ikaingia ufa. "Unadhani nilikosa chumba kwingine mji mzima? Nilipanga pale ili usipate kisingizio cha umbali. Barabara tu, uvuke. Kila asubuhi nikisikia unafungua geti nasema leo anakuja. Hukuja. Nikaona umeshajua, umenyamaza kulinda saluni. Ndipo nikaanza matusi."

Madamu akaporomoka. Si kuzimia kwa wanawake wa sinema, hapana. Alijikuta tu chini kati ya nywele, kashika mkono wa kiti.

"Nisamehe. Nisamehe, mama yangu. Sikukuuliza. Hata kukuuliza sikukuuliza."

Msomaji, ungekuwepo ungeona mabega ya Vidole yakishuka. Madamu alipoinuka na kuweka kiganja chake juu ya lile kovu, kwa woga, kama anayegusa uso wa mtoto mchanga, yule msichana hakujitoa. Alikilaza kichwa nyuma, taratibu, kikaegemea tumbo la mama yake mkubwa.

Saluni nzima ilikuwa inafuta macho. Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri, na mimi ningepumzika.

"Ulimpa nani hilo kopo?" Madamu akauliza.

"Acha."

"Nitajie. Leo ataniona!"

"Mimi sifukuzishi mtu kazi," Vidole alisema, kafumba macho. "Najua inavyouma. Acha, Mama Mkubwa. Umeliona kovu, yatosha."

Lakini Madamu alikuwa amekwisha kuanza kufikiri, na akianza huwa haachi. Tangu vidole vyake vipatwe na baridi yabisi, kazi ya kujaza makopo alimpa mtu mmoja tu. Akageuka polepole.

Kitana kilianguka sakafuni.

"Ni mimi, Mama," Pipi alisema.

"Nini ni wewe?"

"Yote." Machozi yalikuwa yanamtoka hadi kidevuni. "Nilikuwa na simu sikioni wakati wa kujaza. Nikachanganya mifuniko. Sikujua, nakuapia sikujua, mpaka dada Vidole aliponipa lile kopo. Nikalifungua nikalijua. Nikalitupa chooni na makopo mengine yaliyobaki nikayamwaga."

"Ukaniacha mwezi mzima?"

"Niliogopa! Nilikuona ulivyomfanya yeye. Nikasema utanifukuza na mimi, mbele ya watu hivi hivi."

Mnaikumbuka ile siku ya kufukuzwa? Madamu alisimama katikati ya saluni, kidole juu, akasema kwake kosa la kichwa cha mtu halina msamaha, awe mtoto wa nani. Wateja wengi waliokuwepo leo walikuwepo na siku ile. Wote walikuwa wanamtazama mdomo.

Madamu akamwacha Vidole kwenye kiti, akaenda hadi kwa bintiye. Akainua mkono. Pipi akajikunyata.

Mkono ulipoteremka, ulimshika kisogoni na kumvutia kifuani.

"Nyamaza, mwanangu," Madamu alisema, akimpapasa. "Nyamaza. Ni bahati mbaya tu. Nani asiyekosea?"

Hakupanga kusema hivyo. Namtetea kwa hilo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mdomo wa mzazi hauombi ruhusa. Yalimtoka kama vile mtu anavyomdaka mtoto anayeanguka, na alikuwa kesha kuyarudia mara ya pili, "bahati mbaya tu," kabla masikio yake mwenyewe hayajayasikia.

Aliposikia, akaganda.

Akatazama kioo. Vidole alikuwa anamtazama kutoka humo, kipara, taulo mabegani. Yule ambaye hakulia akinyolewa, hakulia akisimulia, machozi yalikuwa yanamtiririka sasa, na hakujisumbua kuyafuta.

"Kumbe ipo," Vidole alisema.

"Nini, mama?"

"Hiyo bahati mbaya. Mimi nilidhani humu ndani hamna. Kumbe ilikuwepo siku zote."

"Vidole, mwanangu, sikuwa na maana..."

"Mama yangu alikufa, Mama Mkubwa. Ulinilea vizuri mpaka nikasahau. Leo umenikumbusha."

Akasimama. Akalivua taulo, akalikung'uta, nywele zikatawanyika miguuni mwa wote, kisha akalikunja vizuri na kulirudisha mkobani. Wateja wakampisha njia. Mama Pacha akanyoosha mkono kumgusa, akaurudisha.

"Usiende!" Madamu akamwacha Pipi na kumkimbilia. "Rudi kazini kwako. Kiti hiki chako. Nitaweka tangazo, nitawaambia watu wote nilikosea, nitampigia magoti na huyo Dada wa Benki!"

Vidole alisimama kizingitini. Jua lilimpiga kwenye kichwa kitupu, na lile kovu likaonekana jekundu zaidi.

"Unamwona yule?" alisema.

Ng'ambo ya barabara, mlangoni pa kile chumba, palikuwa na mwanamume mwenye shati jeupe, kakaa kwenye stuli ya wateja, mkoba wa ngozi miguuni. Alikuwa anatazama saa yake.

"Bwana Afya," Madamu akanong'ona.

"Leo anafunga uchunguzi. Anataka jibu langu la mwisho. Nilimwomba aningoje kidogo, nikamwambia nina mama yangu, nataka nionane naye kwanza." Vidole akaurekebisha mkoba begani. "Tungepatana, ningesema sikumbuki. Angenizuia mimi, ningekubali. Ningekuwa nakuoshea hata mataulo tu humu ndani, basi."

"Mwanangu..."

"Usiniite hivyo. Mwanao yuko ndani analia."

Akashuka ngazi. Pikipiki ikampigia honi, hakuigeukia. Madamu alibaki ukingoni mwa barabara, mashine bado mkononi, akiita jina ambalo hakuna mtu mtaani aliyelijua, jina la utotoni, lile alilopewa na mama yake. Vidole alilisikia. Hatua zilipungua, kweli zilipungua, na Madamu akapata tumaini. Kisha zikaendelea.

Bwana Afya alisimama kumpokea, na alipomwona kichwa chake alipigwa na butwaa. Vidole akakaa kwenye stuli, akaipa saluni mgongo, akainamisha shingo.

Yule bwana akavaa miwani na kuinama. Alitazama kwa muda mrefu, asiguse. Kisha akauliza kitu ambacho Madamu hakukisikia kwa kelele za magari. Vidole akageuka na kunyoosha mkono kuelekea ng'ambo.

Madamu akatazama nyuma yake. Pipi alikuwa ametoka na kusimama pale ngazini, macho mekundu, bila kujificha. Kwa umbali ule hukuweza kujua mkono unamwonyesha nani kati yao, mama au binti.

Madamu hakungoja kujua. Alipanda ngazi mbio, akasimama mbele ya Pipi na kumfunika kwa mwili wake wote.

Vidole alimwona. Akaushusha mkono, akamgeukia Bwana Afya, akaanza kusema anachokumbuka.